Mtu Anayekula Chakula cha Mama

Alhamisi, 5 Desemba

Makontena mawili leo. La kwanza matairi, la pili viti vya plastiki. Matairi yamenichuna viganja. Ndani ya kontena saa nane mchana ni tanuri. Tulikuwa wanne, mmoja akatoka kutapika, tukamaliza watatu. Msimamizi amesimama mlangoni na chupa yake ya maji baridi, anasema meli hazimngojei mtu.

Nilipotoka kazini Mobeni, hapa Durban, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishukia Isipingo, nikaingia saluni ya Wakongo nyuma ya stendi ya teksi, ndizo daladala za huku. Nikamwambia kinyozi aondoe zote, nywele na ndevu. Tangu nifike nchi hii sijaona kidevu changu. Kinyozi akauliza kama naenda kuoa. Nikasema mke wangu anakuja kesho na mtoto. Akanipaka poda mpaka masikioni.

Mtoto sijawahi kumshika. Niliondoka Kigoma Mwavita akiwa mjamzito. Sasa Sakina ana miaka miwili na kitu. Namjua kwa simu. Kila jioni naoga, nakaa kitandani, napiga, tunaonana. Anakibusu kioo mpaka Mwavita anafuta mate. Anasema Baba kabla picha haijatulia.

Bahati amehamisha godoro lake. Ni Mkongo wa Uvira, chumba hiki cha uani tunakaa wawili. Ameenda kwa binamu yake mjini mpaka wageni waondoke. Nimefagia, nimefagia tena. Nimenunua kandambili nyekundu, ndogo. Nakaa, nasimama. Natoka uani, narudi. Kama mtu anayesubiri daktari.

Ijumaa, 6 Desemba

Basi lilichelewa. Nilisimama stesheni tangu asubuhi, sikuthubutu hata kwenda kukojoa. Kazini nilikuwa nimeaga. Msimamizi alifyonya tu.

Mwavita alishuka na mabegi ya vitenge vya kuuza, macho yamevimba kwa safari. Mtoto mgongoni, kafungwa kanga. Nikaita, "Sakina." Akageuka upesi, akaitafuta sauti. Akaniona. Akapiga kelele kama ameonyeshwa nyoka.

Mwavita alinitazama, akaishia kidevuni.

"Baba Sakina, ndevu umezipeleka wapi?"

Nikasema nimenyoa kwa ajili yao.

"Umemnyoa baba yake," akasema. Akacheka mpaka akakaa juu ya begi. Mimi sikucheka.

Kwenye teksi nilikaa mbele na dereva. Kila nikigeuka analia, kwa hiyo niliangalia barabara. Nyumbani nikatoa kandambili. Hazimwenei. Kwenye simu alikuwa mdogo.

Kitandani amelala ukutani, Mwavita katikati, mimi ukingoni.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimefanya kazi nusu siku. Niliporudi nimewakuta uani kwa mwenye nyumba, Mhindi mzee tunayemwita Anti. Sakina kakaa mapajani pake anakula biskuti. Anti hajui Kiswahili hata neno moja. Mtoto aliponiona akateremka, akajificha nyuma ya kiti.

Nimeona wivu. Kwa bibi kizee ambaye magoti yanamuuma. Ndivyo ilivyo.

Jumapili, 8 Desemba

Tumeenda baharini. Miaka yote hii Durban, bahari naiona dirishani kwenye teksi, au ninapopelekwa bandarini, maji meusi yenye mafuta. Kuingia sijawahi. Nilimwambia Mwavita kwenye simu, njooni mpumzike, watu wanatoka mbali kuja kustarehe huku. Ni kweli wanatoka mbali. Tumewakuta watu wa Johannesburg wanajaza maji ya bahari kwenye chupa za soda wapeleke kwao. Wanasema ni dawa. Mwavita akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Sisi ni watu wa ziwa. Akasema maji yote haya na hayafai hata kusongea ugali.

Sakina ameupenda mchanga. Nikamchimbia shimo. Alisimama mbali ananitazama. Nikaondoka, akaja, akatia mguu shimoni. Nikarudi, akakimbilia kwa mama yake. Nikaondoka tena, akaja tena. Aliyetupita angedhani tunacheza.

Mchana Bahati alikuja kuwasalimu, na mfuko wa maandazi. Bahati ana ndevu nyingi nyeusi. Sakina akamtazama. Akamtazama vizuri. Kisha akamnyooshea mikono yote miwili.

"Baba."

Bahati akaruka nyuma kama ameguswa na umeme. "Eish, kaka, mimi hapana. Iko ndevu tu anaona."

Mwavita hakucheka safari hii. Bahati alikaa mbali na sisi, akaaga kabla maandazi hayajaisha. Mimi kwanza nilisikia aibu. Halafu hasira. Kumkasirikia mtoto wa miaka miwili. Nikaondoka kutembea peke yangu mpaka mwisho wa gati, wanapovulia watu kwa ndoana, nikarudi, nikaenda tena. Mwavita akaniuliza nakwenda wapi. Sikuwa najua.

Jumanne, 10 Desemba

Kila jioni ikifika saa ile, anachukua simu ya mama yake, anaikumbatia. Anasema Baba. Mwavita ananionyesha kwa kidole, Baba huyo hapo. Anatazama kidole, ananitazama, anarudi kwenye simu. Jana alilia hivyo mpaka usingizi ukamchukua, simu shavuni.

Leo nilishindwa. Nikatoka, nikasimama kati ya mapipa ya taka na choo cha uani, nikapiga. Bila picha, sauti tu. Nikasikia vishindo vya miguu yake kupitia ukuta.

"Baba!"

Nikamuuliza hajambo, amekula nini. Akanipa habari zake, nusu sikuelewa. Kuna mbwa. Kuna biskuti. Halafu akashusha sauti.

"Baba, kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Anakula chakula cha mama."

Nikamuuliza huyo mtu ni mbaya? Akafikiri. Nilimsikia anavyopumua.

"Mkubwa," akasema.

Nikakata simu. Anti alitoka kumwaga maji akanikuta nimeegemea ukuta. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni mgongo.

Sauti ni ileile. Ndani ya chumba haina kazi. Nilipoingia, Mwavita alikuwa ameniwekea sahani. Sakina alihesabu kila tonge kwa macho.

Jumatano, 11 Desemba

Leo sikupiga. Mwavita kasema nisirudie, namchanganya mtoto. Nikamwambia aliyemchanganya ni yeye, aliyemfundisha kuwa baba yake yumo ndani ya simu. Akaniuliza, angemfundisha yumo wapi?

Hatujasemeshana tena.

Alhamisi, 12 Desemba

Vigae. Kontena zima. Mgongo hauinuki. Basi.

Ijumaa, 13 Desemba

Msimamizi katukusanya. Jumatatu ni sikukuu ya nchi, lakini kuna mizigo imekwama bandarini, anataka kila mtu. Asiyekuja Jumatatu asijisumbue kuja Jumanne. Sisi hatuna mkataba. Tunasimama getini alfajiri, yeye ananyoosha kidole, wewe, wewe na wewe. Aliyenyooshewa ana kazi. Wengine wanarudi makwao. Tangu nimezoeana naye kidole hakinipiti. Najua watu aliowakasirikia. Wanasimama pale mpaka wanachoka wenyewe.

Basi lao ni Jumanne. Mwavita kanunua mablanketi na nguo za watoto, anataka zifike kabla ya mwaka mpya ndipo ziuzike. Kwa hiyo siku nzima niliyobaki nayo ni hiyohiyo Jumatatu. Kesho nabeba mizigo, keshokutwa yeye anafua na kufunga.

Nilimwambia haya wakati Sakina amelala. Nikategemea aseme nenda kazini. Alikuwa anakunja nguo. Akasema taratibu, bila kuniangalia:

"Asipokushika safari hii, mimi simleti tena. Nitakuja peke yangu. Siwezi kumsafirisha mtoto wiki nzima aje alie mbele yako."

Nikasema akikua atanijua.

"Akikua atajua kusalimia wageni."

Nikatoka nje. Nikazunguka nyumba. Nikazunguka tena, mbwa wa Anti ananifuata.

Jumapili, 15 Desemba

Jana nilinunua pipi. Aliichukua mkononi mwangu kwa ncha za vidole, akaenda kuilia kwa Anti. Nimemwimbia, akaziba masikio. Nimejifanya ng'ombe, akalia.

Siwezi kukaa. Nimefua nguo ambazo si chafu. Nimefungua kitasa cha mlango nikakitengeneza, nacho kilikuwa kizima. Sasa kinakwama.

Bahati amenipigia, anauliza kama kesho nakwenda Mobeni. Nikasema siendi. Akasema, "Utalia, kaka." Nikamwambia sawa.

Jumatatu, 16 Desemba

Niandike yote kabla hayajaniponyoka.

Tulifika baharini mapema, watu walikuwa tayari wamejaa. Sikuwahi kuona watu wengi hivi mahali pamoja. Miavuli, majiko ya kuchomea nyama, muziki kila upande, watoto kama mchanga wenyewe. Tukapata nafasi, tukatandika kanga. Sakina alicheza na mama yake ukingoni mwa maji. Mimi niliambiwa nichunge mabegi. Nikachunga mabegi.

Joto lilipopanda, mtoto akasinzia kwenye kanga. Mwavita akasema anakwenda chooni, nisimwamshe. Foleni ya choo ilikuwa ndefu, niliiona kwa mbali, wanawake tu wamejipanga juani. Nikakaa karibu na mtoto, nikamfanyia kivuli kwa mwili wangu. Nilimtazama. Masikio yake ni ya mama yangu. Kwenye simu sikuwa nimeyaona.

Akaamka. Akatazama kushoto, mama hayupo. Kulia, hayupo. Juu yake, mimi. Akapiga ukelele, akainuka, akakimbia.

Anakwenda mbio kuliko nilivyodhani. Aliingia kati ya miguu ya watu nami nyuma yake nagonga miavuli, nakanyaga vyakula, naomba radhi. Nikamkamata karibu na maji, nikamwinua. Akaanza kunipiga teke. Analia Mama, Mama, sitaki, sitaki mtu. Akanikwaruza shingo. Nami nikamshika zaidi, ningefanya nini, bahari iko pale.

Hapo watu wakaanza kugeuka.

Kijana mmoja akaniuliza kwa Kizulu huyo ni mtoto wa nani. Nikasema wangu. Akasikia lafudhi. Akawaambia wenzake neno, wakasogea. Nikaulizwa mama yake yuko wapi. Nikasema chooni. Mmoja akacheka, akasema wote wanasema chooni. Mwingine kanishika shati mgongoni, sikumwona, nilisikia tu kitambaa kinavutwa. Simu zikainuliwa, wanapiga picha. Mtoto anazidi kulia na kunisukuma kifua kwa viganja.

Watu wa kwetu na Wakongo wote wanajua habari hizi za wageni kupigwa. Inaanza na swali kama hilo. Mgeni, mtoto anayelia, neno moja la kuokota. Nikatazama upande wa choo, Mwavita haonekani. Miguu ilitaka kukimbia. Miguu yangu siku hizi inataka kukimbia hata bila sababu. Lakini nikikimbia na mtoto, mimi ni mwizi. Nikimtupa nikakimbia, mimi ni mwizi.

Mama mmoja wa Kizulu akapita katikati ya vijana. Mnene, kofia ya jua, taulo begani, paja la kuku mkononi. Akawaambia wanyamaze, wakanyamaza. Akanitazama mimi na mtoto. Akasema kwa Kiingereza cha polepole, ili nielewe:

"Mtoto anakukataa."

Nikasema ndiyo, ananikataa.

"Kwa nini mtoto akukatae kama wewe ni baba yake?"

Nikamwambia kwa sababu sijawahi kuishi naye.

"Mweke chini," akasema. "Tumwone."

Nikamweka chini. Nikachuchumaa, mikono nikaiweka magotini waione wote. Yule wa shati akaliachia.

Sakina akakimbia hatua chache, akamfikia yule mama. Akasimama. Akamtazama kutoka chini mpaka kofia. Hamjui. Akageuka, kuna vijana. Hawajui. Kuna simu imenyooshwa usoni pake, akaitazama ile simu, na ndani yake hakukuwa na mtu. Ilikuwa miguu tu pande zote, na vichwa, na kelele. Akaacha kulia. Hicho ndicho kilichoniuma, alivyoacha kulia ghafla, mdomo wazi.

Halafu akarudi. Hakunikumbatia. Alinizunguka, akasimama nyuma ya mgongo wangu, akashika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akaficha uso. Kati ya wageni wote wale, mimi ndiye mgeni aliyemzoea.

Yule mama akamalizia kuku wake, akatupa mfupa. Akawaambia vijana, "Ni wake. Nendeni mkaogelee." Mmoja alibisha, akatukanwa kuhusu mama yake mwenyewe, akaondoka na simu yake. Nami nilikuwa bado nimechuchumaa. Yule mama akaniambia nisisimame.

Akatoa taulo begani. Akamnyanyua Sakina kutoka pale nyuma, akamlaza mgongoni mwangu, akapitisha taulo, akalikaza mbele ya kifua changu, akalipindia ndani, bila pini, bila kamba. Huku wanawake hubeba hivyo kwa taulo kama kwetu kwa kanga. Wanawake. Wale vijana waliokuwa wanataka kunipiga walikuwa wanacheka sasa, na mimi nikawaachia wacheke. Mama akanipiga begani kwa kiganja cha mafuta ya kuku. Akasema nitembee, nisimgeukie. Akasema mtoto haogopi mgongo.

Nikatembea. Sakina alikakamaa kama ubao. Kisha miguu ikalegea kiunoni kwangu. Kisha nikasikia shavu likilala kati ya mabega. Pumzi ya moto kupitia shati. Haoni uso wangu, nami sioni wake. Nikazunguka miavuli, nikarudi, nikazunguka tena, na safari hii nilijua kwa nini natembea.

Mwavita alitukuta hivyo. Alikuwa ametoka kwenye foleni akakuta kanga tupu na mabegi peke yake, akaja mbio, uso umempauka. Akaona mume wake kajifunga taulo na mtoto mgongoni kama mwanamke wa Kizulu. Akaziba mdomo. Nilidhani anacheka.

Nikamwambia nisifunguliwe.

Taulo tulitaka kumrudishia yule mama, akakataa, akasema ana mengine.

Jioni Sakina aliamka kitandani, akakaa. Mwavita alikuwa anapanga mablanketi kwenye begi, magoti juu yake, zipu haifungi. Mtoto akashuka, akasimama mbele yangu. Akanitazama bila kulia. Sikumwangalia sana, niliangalia pembeni kama unavyofanya na paka.

"Wewe," akasema. "Maji."

Nikampa maji.

Jumanne, 17 Desemba

Nimembeba kwa taulo kutoka Isipingo mpaka stesheni. Kwenye stendi ya teksi wanaume wamenizomea. Mmoja kaniuliza nanyonyesha saa ngapi. Mtanzania mwenzangu, muuza mikanda, kanivuta pembeni, kasema ninawatia aibu. Nikamwambia amsaidie Mwavita begi kama ana nguvu ya kuongea.

Bahati alikuja kubeba mizigo. Kanyoa. Kidevu cheupe kama cha mtoto wa shule. Sakina alimpita kama hamjui.

Getini Mobeni alfajiri sikwenda. Nilishaambiwa nisijisumbue, nami leo nilikuwa na kazi nyingine.

Ndani ya basi nikapandisha mabegi, nikamfungua mtoto, nikamweka dirishani, mama yake katikati. Nikaaga. Nilikuwa nimejiandaa kuaga haraka. Mwavita alisimama kunipisha, na Sakina akapiga kiti cha katikati kwa kiganja.

"Wewe. Kaa."

Nikasema Wewe anashuka. Akapiga kiti tena. Uso ukaanza kukunjamana. Mwavita akasogea kiti cha tatu, akaangalia mbele. Nikakaa.

Kondakta akaja kudai tiketi. Nikamweleza, mtoto akilala nashuka. Akasema hilo ni basi, si kitanda. Abiria wa pili akamwambia amwache mtu na mtoto wake. Kondakta akaguna. Akasema kiti kina mwenyewe, anapandia Pietermaritzburg, basi nikae, lakini Pinetown, kabla ya hapo, nitashushwa, alale asilale.

Likaondoka. Mji ukabaki chini, na bandari, na zile kreni. Sakina aliweka miguu yake juu ya mapaja yangu. Akanitazama usoni muda mrefu, na mimi nikamwachia atazame. Akakigusa kidevu, kimeanza kuchoma. Akatoa mkono, akautazama, akaurudisha. Hakusema Baba. Nilingoja aseme. Aligusa tu, kisha akageukia dirishani kuangalia malori.

Alilala kwenye mlima, kabla ya Pinetown.

Kondakta akapiga bati. Mwavita akaniambia, "Baba Sakina, shuka sasa. Ukikaa zaidi nitashuka na wewe." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, utamleta? Akasema, "Nenda bwana." Halafu akanishika mkono, akaubana, mara moja. Kisha akasema atamleta.

Nilishuka. Lori likapita, vumbi, sikuona basi linavyoondoka. Nilikuwa bado nimejifunga taulo kifuani, limelegea, halina mtu. Nikasimama kando ya barabara. Sikujua teksi za Isipingo zinapatikana upande gani. Nikachagua upande nikaenda.

Ijumaa, 20 Desemba

Getini juzi, jana na leo. Kidole kimenipita. Leo msimamizi alimchukua wa kushoto kwangu na wa kulia kwangu. Kuna mtu kaniambia ghala jingine, mtaa wa pili, wanachukua watu wa kubeba mbolea. Nitajaribu baada ya Krismasi.

Nikarudi kwa miguu. Mvua ndogo. Bahati amerudisha godoro lake, amepika wali na maharage, ananiongelesha habari za mpira. Nimekula, nikajilaza na viatu.

Mwavita amepiga mchana. Wamevuka mpaka, foleni ilikuwa ndefu, mablanketi yote yamepita. Sakina hajambo. Alfajiri aliamka ndani ya basi, akasimama kwenye kiti, akatazama watu wote, safu kwa safu. Akamuuliza mama yake, "Wewe yuko wapi?"

Mwavita akamwambia yuko kazini.

Saa hiyo nilikuwa getini, nimesimama tu na wenzangu. Lakini amejibu vizuri.